Mama Anzia Kumi na Inchi Mbili za Tairi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama una sufuria jikoni, punguza moto uje ukae. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye hakuwahi kushika usukani maishani mwake. Hata baiskeli hakuijua. Lakini wiki iliyopita mafundi wa magari walimlilia, madereva walimlilia, na magari yalipangana kutoka mlangoni kwake mpaka kona ya pili.

Alikuwa fundi cherehani. Narudia, wasikilizaji: fundi cherehani. Alishona sare za shule, alipunguza suruali, alifufua zipu zilizokata tamaa. Mtaani walimwita Mama Anzia Kumi. Kwa nini Anzia Kumi? Subirini, tutafika.

Mumewe yupo. Ni mzee sasa, fundi wa gia boksi aliyestaafu, na vidole vyake bado vina weusi ambao hakuna sabuni itakayoutoa. Tulimkuta chumbani kwa marehemu, amekaa kwenye kigoda cha wateja. Kiti chenyewe cha kushonea hakukigusa. Cherehani ya kukanyaga iko dirishani palepale. Kioo cha wateja cha kujitazamia, chenye ufa kwenye usawa wa goti kipo. Vipande vya karatasi ya kaki, vile vya kukatia mitindo, bado vinaning'inia msumarini, kimoja kimeandikwa kwa chaki: "huyu bega la kushoto liko chini."

Tulimwuliza mzee, walionana wapi. Akacheka.

"Hapahapa. Nilileta ovaroli yangu, imetoboka magoti. Akaitazama, akanitazama. Akaniuliza, 'Kaka, wewe unatembea kwa magoti?' Nikamwambia kazi yangu iko chini ya magari. Akaweka viraka viwili viwili, vya ndani na vya nje. Nikarudi wiki iliyofuata na nyingine. Na nyingine. Ya nne ilikuwa nzima. Niliitoboa mwenyewe kwa bisibisi."

"Alijua?"

"Alijua siku hiyohiyo! Tundu la bisibisi ni la duara. Akanishonea, akanirudishia, akasema, 'Ukitaka kuja, njoo. Usiitese nguo.'"

Basi wakaoana. Mume alikwenda yadi ya kutengenezea magari kila asubuhi, mwendo wa dakika tano, nyuma ya duka la mbao. Mkewe alibaki dirishani na cherehani yake. Wakapata binti. Na binti huyo, wasikilizaji, ndiye aliyempa mama yake jina. Sasa ni mtu mzima, lakini akisimulia anajificha uso.

"Nilikuwa na miaka mitatu. Nilichukua mkasi nikakata futi ya mama ya kupimia nguo, mwanzoni kabisa. Inchi moja. Nilitaka mkanda wa mwanasesere wangu. Mama alikuta inchi imeshafungwa kiunoni kwa mwanasesere. Hakunipiga. Aliishika futi, akaigeuza, akasema, 'Haya. Futi yetu haina mwanzo tena. Tutakuwa tunaanzia kumi.'"

Ndivyo ilivyokuwa. Kila alipopima mtu, aliweka kidole penye namba kumi, akapima kuanzia pale, kisha akatoa kumi kichwani. Na kila mara alijikumbusha kwa sauti: "Anzia kumi." Kiuno, anzia kumi. Mkono, anzia kumi. Wateja wakalizoea neno hilo. Watoto wa shule wakapita wakiimba.

Dada wa mzee, yaani wifi yake marehemu, hakuacha kumchokoza.

"Nilimwambia, wifi, futi yenyewe imeng'oka jino la mbele, utampima nani? Akanijibu, 'Nitakupima wewe, wifi. Kiuno chako nacho hakijulikani kinaanzia wapi.'" Wifi anacheka, kisha anafuta macho kwa ncha ya kanga. "Alikuwa na mdomo yule. Mungu amrehemu."

Sasa wasikilizaji, sikilizeni habari ya gari la wagonjwa.

Kituo cha afya kilikuwa na gari moja tu la wagonjwa. Moja. Lilikuwa la aina ile inayovuta kwa miguu yote minne, muda wote, kwa sababu barabara za huko nusu ni lami na nusu ni utelezi. Gari la namna hiyo lina boksi la katikati. Injini inatuma nguvu, boksi linazigawa: hizi za mbele, hizi za nyuma. Boksi likifa, gari halina miguu.

Boksi lile likafa. Mzee, wakati huo kijana mwenye jina lake pale yadi, akalifungua, akabadilisha vilivyokwisha, akaweka oili mpya, akalifunga. Gari likaondoka. Halikumaliza miezi miwili. Likarudi limevutwa kwa kamba. Alipofungua kizibo, oili ilitoka nyeusi, inanuka kama mpini wa sufuria uliosahauliwa motoni.

Mwenye yadi alikuja akasimama juu yake. Alikuwa mtu wa tumbo kubwa na maneno machache.

"Fundi."

"Naam, bosi."

"Wanawake wajawazito wanabebwa kwa mkokoteni huko. Mkunga amenipigia simu analia. Lifunge tena. Likirudi mara ya tatu, wewe na spana zako mtafute kivuli kingine."

Mzee anasema maneno yale hayakumwuma siku ile. Yalimwuma kesho yake. "Ukiambiwa mara mbili kwamba hujui kazi, mara ya tatu unajiambia mwenyewe. Nilikuwa nimefunga gia boksi miaka kumi na moja. Nikaanza kutazama mikono yangu kama ya mtu mwingine."

Jumapili moja mchana mkewe alimkuta ukumbini. Amemwaga spana zote mkekani. Anazifuta moja moja, anazifunga kwenye vitambaa, anazipanga.

"Unazifunga za nini?"

"Nazitafutia mtu wa kuzinunua."

Mkewe alikaa chini. Akachukua spana moja iliyokwisha kufungwa, akaifungua, akaiweka mapajani.

"Nieleze hilo boksi," akasema. "Nieleze kama unavyomweleza mteja asiyejua kitu."

Akaeleza. Nguvu zinaingia hapa, zinagawanyika, za mbele, za nyuma. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yakitembea sawa, boksi linapumzika. Gari likikata kona, yanapishana kidogo, boksi linayapatanisha. Kona ikiisha, linapumzika tena.

"Na yakipishana muda wote? Hata njia ikiwa imenyooka?"

"Hapo boksi halipumziki. Linapata moto mpaka oili inaungua. Lakini kwa nini yapishane? Gari ni moja."

Mkewe akanyanyuka, akaenda kwenye cherehani. Akachukua vipande viwili vya kitambaa vyenye urefu mmoja, akavilaza, kimoja juu ya kingine, akashona bila kuvishika vizuri. Wanaoshona wanajua kinachotokea. Meno ya cherehani yanavuta kitambaa cha chini, cha juu kinachelewa kidogo. Kila mshono, kidogo. Alipofika mwisho, mshono wote ulikuwa umekunjamana kama uso wa mtu aliyelamba ndimu, na kipande cha juu kimezidi kwa upana wa kidole.

Akamwonyesha. "Cherehani yangu ni moja. Uzi ni mmoja. Mbona vimepishana?"

Mzee akavichukua vile vipande, akavigeuza.

"Matairi ya gari lile yanalingana?"

"Yanalingana. Namba zimeandikwa ubavuni. Yote manne namba moja."

Hapo mkewe akacheka. "Mume wangu, nimeshona mashati mangapi? Shati namba kumi na sita la kiwanda hiki na namba kumi na sita la kiwanda kile, umewahi kuona yanalingana? Tena moja jipya, lingine limefuliwa mwaka mzima? Namba ni ya kuuzia. Mtu anapimwa kwa futi. Kesho chukua yangu, ukapime."

Wasikilizaji wapendwa, kesho yake mwanamume yule alikwenda yadi na futi ya mkewe mfukoni. Anasema aliona haya. Alisubiri wenzake waende kunywa chai ndipo akaitoa. Gari lilikuwa limeinuliwa juu ya jeki, matairi yananing'inia. Tairi lile lilikuwa kubwa kuliko futi, hivyo alizungusha hadi hamsini, akaweka alama ya chaki, akaiweka tena ncha ileile ya futi penye alama, akaendelea. Akaanza na ya mbele. Tisini na moja. La pili, tisini na moja. Akahamia nyuma. Huko gari lilikuwa karibu na ukuta, nafasi ilikuwa finyu, ikabidi aigeuze futi upande wa pili, ambako namba zinaanzia ncha nyingine. Tisini na moja. Na tisini na moja.

Yote sawa.

Mchana akarudi nyumbani na uso umefunga. Mkewe alikuwa na sare za darasa zima mezani, pini mdomoni.

"Umenifanya nitambae kama mjinga na futi ya kushonea," akasema. "Yanalingana. Yote manne. Kazi ya magari waachie wa magari."

Mkewe akatoa pini mdomoni, moja, ya pili, ya tatu. Akazichomeka kwenye kifuko chake.

"Ulianzia wapi?"

"Nilianzia mbele."

"Kwenye futi. Kwenye futi ulianzia wapi?"

"Mwanzo! Mtu anaanzia wapi?"

"Mwanzo upi? Futi yangu haina mwanzo."

Mzee akaitoa futi mfukoni, wakaitandaza mezani juu ya sare. Kwenye ncha ya mbele, inchi ya kwanza haipo. Aliikata binti yao. Matairi ya mbele aliyapimia ncha ile, na kwa kila tairi aliiweka futi mara mbili. Inchi moja, mara mbili. Ya nyuma aliigeuza futi, akapimia ncha nzima, isiyo na kasoro.

Nasema tena taratibu, ili tuwe pamoja. Matairi ya mbele yalikuwa mafupi kwa inchi mbili. Na futi iliyokatika iliyaongezea inchi mbili zilezile. Ndiyo maana yote yalionekana sawa.

Mkewe alivaa viatu. Sare za darasa zima akaziacha zilivyo.

Binti anakumbuka, maana alibebwa mgongoni. Anakumbuka wanaume wakiacha kazi, na dereva wa gari la wagonjwa, mmoja waliyemwita Polepole kwa sababu hakujua kwenda hivyo, akisema: "Shemeji, umekuja kulishonea gari suruali?"

"Likivua, nitalishonea," akajibu, akapiga magoti. Akaweka kidole penye namba kumi. "Anzia kumi," akasema kwa sauti. Akapima la kwanza, akaandika kwa chaki yake ya kitambaa juu ya mpira mweusi. La pili, la tatu, la nne. Aliposimama, namba zilionekana kutoka mlangoni. Mbele, themanini na tisa na themanini na tisa. Nyuma, tisini na moja na tisini na moja.

Mwenye yadi akasogea. "Inchi mbili? Mama, chuma kizito chote hiki. Kitajuaje inchi mbili?"

Mama Anzia Kumi akalitazama tumbo lile, akautazama mkanda uliolibeba.

"Mkanda wako ukikaza inchi mbili, bosi, utajua au hutajua?"

Yadi nzima ikaanguka kwa kicheko. Mzee anasema mpaka leo hajui alipata wapi moyo ule. Lakini mkewe hakucheka. Aliandika ukutani kwa chaki, hesabu ya darasa la sita, maana shule yake iliishia la saba.

"Tairi kubwa likizunguka mara arobaini na tano, dogo limezunguka arobaini na sita. Ule mmoja wa ziada unaliwa na boksi. Kutoka hapa hadi kituo cha afya ni arobaini na tano ngapi?"

Polepole ndiye aliyezungumza, na safari hii hakuwa anatania. "Yale ya nyuma yalikuja mapya," akasema. "Ya mbele ni ya zamani, vipara hivyo. Na mwezi uliofuata boksi ndipo lilipoanza kulia."

Wakatafuta matairi manne yanayofanana. Namba moja, kiwanda kimoja, umri mmoja. Mama akayapima yote kabla hayajafungwa. Mzee akalifunga boksi lake mara ya pili, na gari likatoka.

Sasa ikabaki kusubiri, wasikilizaji. Mzee aliendelea kwenda kazini, lakini spana zake zilikaa zimefungwa kwenye vitambaa. Kila Ijumaa gari la wagonjwa lilipita mbele ya dirisha la cherehani. Polepole alipiga honi mara mbili, akatoa kichwa, akapiga kelele: "Bado!" Maana yake, bado halijafa. Mwezi wa kwanza, bado. Wa pili ukapita, bado. Wa tatu. Ijumaa moja ya mwezi wa tano, mzee alirudi mchana akakuta spana zake ziko uchi, zimepangwa, na vile vitambaa vimegeuka gauni la mwanasesere.

Boksi lile halikufunguliwa tena mpaka gari lilipozeeka. Miaka tisa. Polepole aliendelea kupiga kelele "Bado!" hata alipokuwa anaendesha gari jingine.

Mwenye yadi hakuomba radhi. Hakuwa mtu wa namna hiyo. Ila siku moja alileta futi mpya, imefungwa karatasi. Mama akashukuru, akampa wifi yake. Yeye akabaki na ya zamani.

Kuanzia hapo madereva wakaanza kuja. Unakuta mama anafunga kola, nje gari linanguruma. "Mama, nipimie." "Zima kwanza, unanichafulia nguo nyeupe. Na ungoje nimalize kola." Kisha anatoka na chaki yake. Akikuta tairi moja lina upepo kidogo, anasema: "Hili limekaa chini, limekuwa fupi. Lijaze kwanza, ndipo nipime." Bwana mmoja alifika analalamika. "Ninunue mengine wakati limepasuka moja tu?" Mama akamwuliza, "Nikikushonea suruali mguu mmoja mpya na mmoja wa mwaka juzi, utaivaa kwenda kazini?" Yule bwana akazunguka siku mbili akitafuta tairi lililochakaa kama wenzake. Akalipata. Akarudi kupimiwa.

Mzee alituambia jambo moja, nalo alilisema akitazama dirishani. "Watu walidhani nilijua gia boksi kuliko wote. Gari likija, nilikuwa naanza na matairi. Nilikuwa nasikia sauti yake. Anzia kumi. Sikuwahi kumwambia kwamba naisikia."

Mama Anzia Kumi aliugua wiki tatu. Aliaga asubuhi, dirisha likiwa wazi, na sketi moja ikiwa bado kwenye cherehani, imeshonwa upande mmoja.

Siku ya mazishi mvua ilikuwa imenyesha na njia ya makaburini ilikuwa tope. Likaletwa gari la kuvuta kwa miguu yote minne. Jeneza likatoka. Watu wamesimama. Ndipo mzee akanyanyuka katikati ya waombolezaji, akaingia ndani, akarudi na futi mkononi. Akapiga magoti kwenye tope, na suti yake.

"Kaka," wifi akamwita, "watu wamesimama."

"Na wasimame. Hataondoka hapa kwa gari linalochechemea."

Akapima la kwanza. La pili. La tatu. Yote sawa. Akafika la nne, akapima, akatikisa kichwa. Limezidi. Akapima tena. Limezidi inchi mbili. Watu wakaanza kutazamana. Mwenye gari akasema kwa unyonge kwamba aliyanunua yote siku moja. Mzee akakaa chini kwenye tope, futi mapajani, kama mtu asiyejua pa kwenda.

Binti yake akachutama kando yake.

"Baba," akasema kwa sauti ya chini. "Umeanzia wapi?"

Mzee akaitazama futi. Machozi yalikuwa yamemziba macho. Matatu ya kwanza alianzia kumi, lakini kwenye la nne kidole chake kilikuwa kimeshika ncha iliyokatika.

Basi akacheka, wasikilizaji. Katikati ya msiba, mbele ya jeneza, mzee alicheka mpaka mabega yakatikisika, na wifi akacheka, na binti akacheka huku analia. Kisha mzee akasogeza kidole penye namba kumi. Akasema kwa sauti, wote wakasikia: "Anzia kumi." Akapima. Likalingana na wenzake.

Akainuka. Akaikunja futi, akaitia mfuko wa koti.

"Haya," akasema. "Mama yenu anaweza kwenda."

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa mzee, kwa binti, kwa wifi, na kwa wote wanaopita mbele ya dirisha lile na kuliona limefungwa. Pole pia kwako, Polepole, uliyetupigia simu ukashindwa kuzungumza. Tumekusikia.

Nasi tuliobaki tujiulize. Nyumbani kwako, kuna mtu anayekaa pembeni na kazi yake ndogo, anatazama, hasemi sana. Mara ya mwisho alipokuambia kitu, ulimsikiliza, au ulimwambia awaachie wenye kazi yao?

Na wewe utakayetoka na gari kesho, kabla hujawasha, lizunguke kwanza. Tazama matairi yako, yote manne. Ukitaka kuyapima, unajua pa kuanzia.